Sahani Yenye Malimau

Jumamosi iliyopita mtu wa posta alituletea boksi hapa nyumbani Thornton Heath, London, limezungushiwa gundi ya karatasi nyingi kiasi kwamba nadhani sasa hivi kisiwa kizima cha Sisilia hakina gundi. Mke wangu Mwanaidi alilinyanyua, akalitikisa karibu na sikio. "Baba Zuhura, umeagiza nini tena?" Nikamwambia sijaagiza kitu. "Ndivyo ulivyosema hata kwa ile mashine ya kukamua machungwa." Nikalikata kwa kisu cha samaki. Ndani mlikuwa na magazeti, ndani ya magazeti taulo, na ndani ya taulo sahani ya udongo, kubwa kama usukani wa basi, au tuseme wa gari dogo, imechorwa malimau matatu ukingoni. Juu ya sahani pakiti ya lozi, na chini ya lozi barua ya kurasa mbili. Sikuhitaji kuisoma. Niliyaona yale malimau, nikaketi. "Amekufa," nikasema. "Nani?" "Mama Nunzia." Mwanaidi akazima jiko, na Mwanaidi hazimi jiko kwa jambo dogo. Binti yetu Zuhura akauliza kwa Kiingereza Nunzia ni nani. Huyu alizaliwa hapa hapa, Kiswahili kinaingia masikioni vizuri sana ila kutoka mdomoni kina foleni. Nikamwambia avute kiti, maana hii si habari ya kusimuliwa mtu amesimama. Ukurasa wa kwanza wa barua niliusoma polepole, kwa Kitaliano changu cha sokoni: Nunzia alilala baada ya chakula cha mchana, kama kawaida, akawa hakuamka. Miaka tisini na minne. Ukurasa wa pili nikauweka kando kwanza, maana macho yalikuwa yameshaingia maji.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikiishi Tottenham katika nyumba ya vyumba saba na jiko moja, jiko ambalo ukitaka kuchemsha yai ulipaswa kuanza kupanga siku ya Jumatatu. Mwanaidi alikuwa chumba cha juu, nesi kutoka Mombasa, mwenye ulimi wa kukata chuma. Mimi niliosha vyombo hotelini. Nimeosha sahani ambazo zingepangwa moja juu ya moja zingefika mwezini na kurudi, na sikuvunja hata moja. Kumbuka hilo, litatufaa mbele. Jumanne na Alhamisi jioni nilikwenda shule ya watu wazima kujifunza kuandika Kiingereza, kwa sababu kukizungumza nilikuwa nakizungumza kama maji, ila nikishika kalamu maji yanaganda. Darasa lilikuwa la shule ya watoto wadogo. Viti vilikuwa vifupi mno hata magoti yakafika masikioni, na ukutani palibandikwa picha za vipepeo zenye majina ya watoto. Tulikaa wawili wawili. Mwenzangu wa dawati alikuwa mama mmoja wa Kisisilia wa miaka sitini na minne, mshonaji, mfupi, mpana, mweusi wa nguo kuanzia kitambaa cha kichwa hadi soksi. Siku ya kwanza alinitazama, akanusa, akatoa chini ya dawati mkate uliojazwa biringanya za kukaanga, akaukata nusu. "Kula, Amisi. Hamna nguruwe, naapa kwa Bikira." Herufi ile ya mwanzo wa jina langu hakuwahi kuitamka hata siku moja, na mimi sikuwahi kumdai.

Mwalimu wetu alipenda sana barua. Kila wiki tuliandika moja, kwa mtu yeyote. Mimi niliandikia kampuni za umeme. Nunzia alimwandikia dadake mdogo, Rosaria, aliyebaki kijijini kwao. Wiki ya kwanza Rosaria, wiki ya pili Rosaria, na alikuwa akiandika huku amebana ulimi kwenye kona ya mdomo kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Siku moja nikamuuliza anajibiwa nini. Akasema hajawahi kuzituma. "Kwa nini?" "Hatusemezani. Miaka ishirini na miwili." Nikauliza swali la kijinga: Rosaria anajua Kiingereza? "Hata neno moja." "Sasa Mama Nunzia, hata ukizituma atazisomaje?" Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye mgeni wa dunia. "Hatazisoma. Ndiyo maana naweza kuziandika." Nikamuuliza waligombania nini. "Mama," akasema, akafunga daftari. Nikadhani ni mambo ya kumuuguza mzazi, nani alikuwepo na nani hakuwepo, kama yanavyokuwa kwetu sote, na sikuchimba zaidi.

Jumapili nilianza kwenda kwake. Siku ya kwanza mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo nikafanya kama mtu wa Tanga afanyavyo: nikasimama nje nikapiga hodi. Hodi ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu akatokea na mwiko mkononi, anacheka hadi mabega yanaruka. Majirani zake wa Kiingereza, alisema, hubonyeza kengele kama wanazima moto. Kwao hakuna kengele, akanifundisha: unasimama mlangoni unasema *permesso*, na huingii mpaka uambiwe *avanti*. Nikamwambia hiyo ni hodi na karibu, mmetuibia. "Nyinyi ndio mmetuibia," akasema, "sisi tuna kanisa la zamani zaidi." Jiko lake lilikuwa dogo kama kabati, lakini nyanya zilichemka humo kuanzia asubuhi mpaka kuta zenyewe zikawa na ladha. Alikula polepole kuliko mtu yeyote niliyemwona: supu, akapumzika, samaki, akapumzika, chungwa alilolimenya kwa utepe mmoja mrefu, akapumzika tena. Mimi niliyezoea kula nimesimama nyuma ya jiko la hoteli nilimaliza kabla hajakunja leso. "Unakimbizwa na nani?" aliniuliza kila Jumapili. Kufikia mwezi wa tatu nikawa nakula kwa saa mbili na nusu, na Mwanaidi akawa ananisubiri ngazini. "Umekula chakula au umejenga nyumba?" Na Jumapili moja nilifika mapema, nikamsikia kabla sijapiga hodi. Alikuwa akiisomea sufuria barua zake, kwa Kiingereza cha darasani, neno moja moja: Dada yangu mpendwa, mimi ni mkaidi. Dada yangu mpendwa, njoo au niite. Nilirudi nyuma hadi kwenye geti la nje, nikakohoa kwa nguvu kama mgonjwa wa kifua, ndipo nikaja tena.

Juni tulifaulu wote wawili, yeye akinizidi. Siku hiyo hiyo akanitangazia: anakwenda Sisilia kumwona Rosaria, na mimi nitabeba sanduku, tiketi juu yake. Nikamwambia vizuri, ndege ni mwendo wa saa tatu tu. Alikasirika kana kwamba nimemtukania mamake. "Ndege inafika kabla ya moyo. Nitashuka pale mwili mtupu, nitamwona Rosaria, nitageuka nirudi. Tutakwenda polepole, ili nifike mzima." Mwanaidi alipolisikia hilo alisema huyo mama ana akili kuliko madaktari wote wa wodini kwake. Viza niliipata baada ya kusimama kwenye foleni ndefu hata mvi mbili zikaniota, na tukaondoka, treni hadi baharini, meli hadi Ufaransa, kisha treni tena. Safari ya siku mbili tuliifanya kwa siku tisa. Paris tulikaa siku moja kwa ajili ya siagi. Genova siku mbili, kwa sababu ya mkate wa mafuta ya zeituni unaouzwa asubuhi ukiwa bado unalia. Napoli siku tatu, na hakukuwa na sababu yoyote. Nunzia aliamka, akatazama ramani, akaona Sisilia imekaribia mno, akasema kesho. Mimi natoka katika nchi yenye wataalamu wa kesho, lakini nilivua kofia.

Lakini katika huko kuchelewa nilijifunza kutazama. Katika miji ile ya Mediterania, saa saba mchana kila kitu kinafungwa, mbao za madirisha zinafumba kama macho, na mji mzima unalala bila aibu. Saa kumi na moja wanafufuka, wanaoga, wanavaa, wanatoka kutembea. Hawaendi popote. Wanatembea hadi mwisho wa barabara, wanageuka, wanarudi, wanasalimiana na watu wale wale waliowasalimia wakienda. Nilitaka kulia kwa furaha. Miaka mitatu London nilikuwa nikimsalimia mtu kituoni anashika mfuko wake. Huku mzee asiyenijua alinishika mkono Napoli akaniuliza nimekula nini, na nilipomjibu akanisahihisha. Kisha tukafika kwenye mlango-bahari, na hapo naapa siongezi neno: treni iliingia ndani ya meli. Waliikata vipande, wakaisukuma behewa kwa behewa tumboni mwa meli kama mtu anayepanga dagaa kwenye kopo, sisi tumekaa humo humo. Tukapanda juu kula mpira wa wali uliokaangwa, mkubwa kama ngumi ya bondia, upepo unatupiga, na Sisilia inakuja. Nunzia alishika chuma cha meli kwa mikono miwili. Wake hakuula. Akanipa.

Kijiji kizima kilijua tumefika kabla hatujashuka kwenye basi. Binamu yake alitupangia chumba cha chini katika uchochoro mwembamba hata ukipiga chafya upande huu, upande wa pili wanakuombea, na ukitazama juu, ghorofa ya tatu, mkabala na mlango wetu, pale palikuwa na roshani ya Rosaria. Nunzia alitazama juu mara moja. "Kesho," akasema. Kesho yake akaenda makaburini kumsalimia mama yao, kwa kuwa huyo hakuhitaji ushujaa. Kesho yake tena, makaburini. Siku zikapita namna hiyo, dada mmoja chini, mwingine juu, ngazi arobaini katikati, na mimi nimekaa mlangoni nikihesabu mijusi. Nilichokuwa nikitazama ni vikapu. Wanawake wa ghorofani hawashuki kununua. Muuza mkate anapiga kelele, kikapu kinashuka kwa kamba kutoka roshanini, mkate unaingia, kikapu kinapanda. Siku ya tatu kikapu cha Rosaria kilishuka, kikampita muuza mkate, kikasimama mbele ya pua yangu. Ndani sahani nyeupe ya kawaida, imejaa biringanya zenye zeituni na siki. Sauti ikasema kutoka juu, kavu kama kuni: "Ni ya mgeni." Uso sikuuona. Chakula kilikuwa cha mgeni mmoja, ila kingeshibisha wageni wanne. Nunzia aliporudi alikizunguka kama paka, kisha akaonja kwa ncha ya uma. "Hajabadilika. Anazidisha sukari." Akala yote.

Sasa, kwetu Tanga jirani akikuletea chakula, chombo chake hakirudi kitupu. Hata kama una ndizi moja, utaiweka. Nilikuwa na kopo langu la iliki kutoka London, kwa kuwa sisafiri bila iliki, basi nikakanda maandazi, nikayaweka kwenye sahani nyeupe, sahani kwenye kikapu, nikavuta kamba. Kikapanda. Kesho yake kikapu kikashuka na dagaa na tambi za shamari. Nikarudisha kaimati zinazong'aa kwa shira. Juu nikasikia mtu anacheka puani. Siku ya tano ikaja sahani ya pilipili za kuchoma, Nunzia hayupo, yuko makaburini, nami nikaamua sasa mambo madogo basi: nitapika pilau, pilau la harusi. Nikapika, uchochoro mzima ukanukia bizari. Nikaichukua sahani nyeupe kuiosha kwenye bomba la nje, mimi, fundi wa vyombo, bingwa wa London nzima. Ikaniponyoka. Ilivunjika vipande vingi kuliko sahani yenyewe ilivyokuwa na haki ya kuvunjika. Nikatazama kulia, kushoto, juu. Mbao za madirisha zote zimefumba. Nikaviokota vipande nikavifukia kwenye chungu cha maua, nikaingia ndani, nikaona kwenye rafu sahani kubwa yenye malimau. Nikadhani ni vyombo vya chumba. Nikapakua pilau, nikavuta kamba.

Nunzia alirudi saa sita, akavua viatu, akatazama rafu. "Amisi. Sahani iko wapi?" Nikamweleza, nikicheka, nimefika hadi kwenye chungu cha maua ndipo nikaona hacheki. Aliketi kitandani. Zile sahani za malimau, alisema, zilikuwa kumi na mbili, za harusi ya mama yao. Maisha yakavunja kumi. Mama alipofariki zilibaki mbili, na alikuwa amewaambia zisitenganishwe. Nunzia alipoondoka kwenda Uingereza alichukua moja, akaiviringisha ndani ya sketi, hakuaga. Rosaria alimkuta kituo cha basi akamwambia mbele ya watu: "Umempasua mama vipande viwili." Hilo ndilo neno la mwisho waliloambizana. "Nilitaka kumpelekea kwa mikono yangu," alisema. "Nilikuwa nakusanya nguvu. Wewe umempandishia kwa kamba, na wali." Nilitamani ardhi inimeze, lakini ardhi ya Sisilia ni mawe. Nikasema nitapanda ngazi nimweleze kosa ni langu. Akanikataza. Siku hiyo kikapu hakikushuka. Kesho yake asubuhi muuza mkate alipiga kelele mpaka akakauka koo, kikapu hakikushuka. Nunzia akaanza kukunja nguo zake, moja moja, kwa adabu, akizirudisha kwenye sanduku. Makaburini hakwenda.

Ilipofika saa nane mchana, saa ambayo hata mbwa wa kule hawatoki, tukasikia viatu uchochoroni. Vikaja, vikasimama. Kivulini mwa pazia la shanga alisimama mwanamke mwembamba mrefu, na nilishangaa, nilitegemea atafanana naye. "*Permesso*," akasema. Nikamtazama Nunzia. Mdomo ulikuwa wazi, sauti haikutoka. Yule mwanamke hakuingia, hakuondoka. Sijui zilipita dakika ngapi. Mimi nasema nusu saa, na Mwanaidi akanikatisha hapo kusema haiwezekani. Mwisho Nunzia akasema, kwa sauti ya msichana mdogo, "*Avanti*." Rosaria akaingia amebeba sahani mbili, zote za malimau, ya chini imefunikwa na ya juu, ndani yake kitu chenye mvuke. Akaziweka mezani. Akamtazama dadake juu hadi chini, miaka ishirini na miwili nzima, na neno la kwanza alilotamka lilikuwa hili: "Wali wako una chumvi haba."

Nikafungua mdomo kusema wali ni wangu. Nunzia alinikanyaga mguu kwa nguvu zote za kabila lake. Nikaona anavyovuta pumzi. Alikuwa na njia mbili, kusema ukweli kwamba hakutuma kitu, au kuwa mtu aliyetuma. "Nitaongeza," akasema. "Mara nyingine nitaongeza." Basi Rosaria akavuta kiti, na wakaanza kupakua chakula wakibishana kuhusu sukari, na walipofika kwenye machungwa walikuwa wameshikana mikono juu ya meza, wanalia na kumenya kwa wakati mmoja. Hivyo ndivyo pilau langu la harusi lilivyoibwa mchana kweupe. Mpaka leo kijijini kule linaitwa wali wa Nunzia, na harusini linapikwa. Mimi nilirudi London peke yangu kwa treni, siku mbili tu, hakukuwa tena na sababu ya kuchelewa. Septemba nilirudi darasani, nikakaa kwenye kiti kifupi pembeni ya kiti kitupu, nikaandika barua yangu ya kwanza isiyokwenda kwa kampuni ya umeme. Niliipandisha ngazi hadi kwa Mwanaidi. Alisahihisha makosa manne, akasema ndiyo.

Zuhura alikuwa ameegemeza kidevu mkononi. Akauliza, kwa Kiingereza, kama huyo Rosaria aliwahi kujua. Nikamwambia hapana, hiyo ni siri ya watu wawili, na mmoja sasa ni marehemu. "Ukurasa wa pili, Baba Zuhura," Mwanaidi akasema. Nikapangusa miwani, nikausoma kwa sauti, nikiwatafsiria. Ulikuwa wa Rosaria mwenyewe, mjukuu ndiye ameshika kalamu.

"Amisi," ulisema. "Siku ile nilikuwa nyuma ya dirisha. Nilikuona unavunja sahani yangu, nikakuona unavifukia vipande kwenye maua kama mbwa na mfupa, nikakuona unabeba sahani ya mama bila kujua umebeba nini. Nilijua Nunzia hakuituma. Nililala nayo kitandani kama mtoto. Niliwaza: nimsubiri mpaka aje, au nijifanye ameshakuja? Nikajifanya. Naye akajifanya. Tumekula vizuri miaka thelathini. Chumvi ilitosha, mwanangu. Nilikosa la kusema. Sasa hii ni sahani ya Nunzia, na pacha yake iko hapa mezani kwangu, peke yake. Ulitufundisha mwenyewe kwamba chombo hakirudi kitupu. Basi irudishe. Nina miaka themanini na minane, kwa hiyo Napoli usikae siku tatu."

Kisha Zuhura akatoa simu, na nikaona vidole vinakwenda. "Baba, kuna ndege Alhamisi," akasema, na nikatambua kwamba limetoka kwa Kiswahili, ila sikusema kitu nisije nikalitisha. Alitarajia nibishe. Miaka yote nimewahubiria treni. Lakini Mama Nunzia alikataza ndege kwa mtu ambaye moyo wake uko nyuma. Wangu uko kule tangu nikiwa kijana, umekaa mlangoni unahesabu mijusi. Nikamwambia akate tiketi tatu. Mwanaidi alikwisha kuinuka. Alimimina lozi kwenye bakuli, akaipangusa sahani kwa kanga yake, akaweka juu yake kopo la iliki, na bizari, na mdalasini. Akarudi nyuma hatua moja, akaitazama kichwa upande, akaona bado pana nafasi. Akafungua kabati, akaongeza pakiti ya chumvi.